Pini Nne Badala ya Tano: Jibu kwa Binti wa Tanga Anayeitaka Kazi Yangu

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa Tanga aliniandikia. Anasoma uhandisi mitambo, mwaka wa tatu. Baada ya shikamoo na pole na kazi akaenda moja kwa moja: "Mama, naitaka kazi yako. Nianzie wapi?"

Niliipenda hiyo "naitaka". Hakusema "natamani", hakusema "ndoto yangu". Nikamjibu hapo hapo nikiwa kwenye foleni ya dukani: soma hisabati, kazana na Kiingereza, usikate tamaa. Nikatuma. Kufika nyumbani nikaona haya. Ushauri huo angepewa hata na kondakta wa daladala, na kondakta angemwongezea na utani juu yake.

Basi leo Jumapili mume wangu kaenda kuvua, mimi nimekaa na chai yangu ya tangawizi nimjibu anavyostahili. Na nyinyi wengine mnaoniandikia tangu nilipopewa cheo mwaka jana, maana mmekuwa wengi kweli, someni humu humu. Najua mnachokitaka. Mnataka kufika nilipofika, tena upesi.

Kwanza kazi yenyewe. Mama yangu, Mungu amrehemu, mpaka anafariki aliwaambia majirani kwamba mimi naendesha roketi. Sijawahi kuendesha chochote kinachopaa. Mimi ni mhandisi mkuu wa maandalizi ya ardhini, huku Florida, Marekani. Setilaiti ikitoka kiwandani inatufikia ndani ya kontena, imefunikwa kama bibi harusi. Tunaifungua, tunaikagua, tunaupima umeme wake, tunaijaza mafuta, tunaifunga kwenye kiungo cha kuishikiza juu ya roketi, tunaivisha kofia, halafu usiku mmoja tunaisindikiza polepole hadi kwenye jukwaa la kurushia. Miezi miwili, mitatu, mara nyingine zaidi. Watu wanatazama dakika kumi za kurushwa, wanapiga makofi. Siku ya pili sisi tunapokea kontena jingine.

Na mhandisi mkuu ni nani? Wengi wanadhani ni fundi aliyewazidi mafundi wote. Wapi! Kuna wanaozijua vali kunishinda, kuna wanaoujua umeme kunishinda mara kumi. Meneja wa mradi ameshika saa na pesa. Mimi nimeshika sahihi. Jambo likienda kinyume na maandishi, bolti ikikazwa kupita kipimo, plagi ikikwaruzika, geji ikisoma tofauti na jana, karatasi inaletwa mezani kwangu na mimi ndiye wa kusema endeleeni au simameni. Mimi na meneja hatuko chini ya bosi mmoja. Mpangilio huo umenunuliwa kwa roho za watu, nitafika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Anayepajua anajua: ukisimama ufukweni unayaona majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma kama korongo wawili wanaongoja samaki. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua ya kupeleka watu na mboga huko. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya tarehe 12 Desemba 1970, kabla sijazaliwa. Kenya ilikuwa inasherehekea miaka saba ya uhuru, na siku hiyo kutoka San Marco ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kilo 140 hivi, gunia moja na nusu la mahindi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Wakaiita Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuja kuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Baba hayo hakuyajua. Alichokishika yeye ni kwamba msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, alikuwa mwanamke. "Mkubwa wao mwanamke," alikuwa akiniambia, "na wanaume wazima wanamsikiliza." Na kwamba roketi ilipokwisha kuruka, mama huyo na mwanasayansi Riccardo Giacconi, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, walishindwa kungoja, wakadandia kiboti cha mpira kurudi kambini ufukweni wakajaribu kama chombo kinafanya kazi. Mpaka anazeeka, baba aliumia kwamba hawakupanda mashua yake.

Roketi za pale ziliitwa Scout. Ziliunganishwa zikiwa zimelala, ndani ya banda, zikawa tayari ndipo zikasimamishwa. Ya mwisho iliruka 25 Machi 1988. Nilikuwa na miaka 13. Kishindo nilikisikia kama watoto wote, lakini nilichotaka kujua ni habari za banda. Nilimuuliza baba, wanafanya nini mle ndani wiki zote zile? Akafikiri. "Wanahesabu," akasema. "Wanafungua, wanahesabu, wanafunga, wanahesabu tena." Nimekaa na maprofesa wa kila namna, na hakuna aliyeieleza kazi yangu vizuri kuliko hivyo.

Shule ya Malindi, chuo Nairobi, ndoa, bahati nasibu ya viza aliyoshinda mume wangu, hayo yote nayapita. Ila jambo moja lisiwapite. Huku bila uraia wa Marekani au grini kadi mlango umefungwa. Sheria ya nchi inaziweka roketi kwenye kapu moja na silaha, na hata kumwonyesha mchoro mtu asiyeruhusiwa ni kosa. Kijana anayetuma maombi 40 kutoka Dodoma kisha akakaa kulia kwamba hajajibiwa, sababu ni hiyo, si jina lake. Anza na kilicho karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza setilaiti ndogo, 1KUNS-PF, ikatolewa kutoka kituo cha anga za juu Mei 2018. Waganda walikuwa na yao, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kutoka California 15 Aprili 2023. Kila moja ya hizo kuna mtu aliyekaza bolti zake. Mtafute huyo mtu, acha kumtafuta mwanaanga.

Na kwa kuwa nimeitaja Taifa-1: wiki ile ilipoahirishwa na kuahirishwa, simu yangu ilijaa ndugu wa Mombasa. "Leo tena? Hawa wanatuchezea!" Jamani. Siku roketi inapoahirishwa ndiyo siku mtu fulani amefanya kazi yake. Na msinitajie "haraka haraka haina baraka", nimeisikia ya kutosha. Haraka ina baraka zake sana tu, inalipwa bonasi. Ndiyo sababu inahitaji mtu wa kuizuia.

Nilianza mwaka 2002 kwenye vigae. Zile shatoli za Marekani, vyombo vya kupeleka wanaanga juu na kuwarudisha, tumbo na mabawa yake yalifunikwa vigae vya kuzuia moto, 24,000 hivi kwa chombo kimoja, karibu kila kimoja kina umbo lake na namba yake. Unabandika, unapima ufa wa pembeni, unapima kama kimesimama sawa na jirani yake, unaandika, mkaguzi anagonga muhuri. Kisha kinachofuata. Nina shahada ya uhandisi na nilikuwa nabandika vigae, na wenzangu wa Nairobi walinicheka kwenye barua pepe. Wacha wacheke. Sijajifunza kitu kikubwa zaidi ya kile: kigae kimoja kina karatasi zake kama mtu ana cheti cha kuzaliwa.

Jumamosi 1 Februari 2003 shatoli Columbia ilitakiwa kutua Florida saa tatu na dakika 16 asubuhi. Familia za wanaanga zilikuwa zimeshafika kiwanjani. Saa tatu na dakika 16 ikapita. Sitaandika mengi juu ya asubuhi hiyo. Wiki zilizofuata malori yalileta vipande, tukavipanga ndani ya hangari kubwa, sakafu imechorwa miraba, kila kipande kwenye mraba wake kufuata umbo la chombo. Vipande kama 84,000, na vyote pamoja havikufika hata nusu ya uzito wa chombo. Ni asilimia 38. Nilipewa kusoma namba za vigae. Kigae kimeungua upande mmoja, ukikigeuza namba ipo. Unaitafuta kwenye karatasi, unajua kilikuwa wapi na aliyekibandika ni nani. Wengine nilikula nao chakula cha mchana.

Ripoti ya tume ya uchunguzi ikatoka Agosti. Kipande cha povu la kukinga tangi la mafuta kilichomoka sekunde 82 baada ya kuruka, 16 Januari, kikapiga ukingo wa bawa la kushoto. Wahandisi waliomba picha zipigwe kulitazama bawa chombo kikiwa huko huko juu. Hawakupewa. Tume ikapendekeza mamlaka ya uhandisi yatengwe na watu wa ratiba na pesa. Cheo changu kimezaliwa hapo, na kila ninapokitaja jina lake nakumbuka ile miraba.

Andika. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, binti wa Tanga. Andika kila unachokifanya siku hiyo hiyo, kwa kalamu, kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa zisizochomoka. Wa pili nitautoa nikiufikia.

Julai 2011 shatoli ya mwisho, Atlantis, ikatua na wiki ile ile maelfu yetu tukaachishwa kazi. Nilikuwa na miaka tisa ya uzoefu wa chombo kilichokuwa kinapelekwa makumbusho. Mwaka na nusu nilifundisha hesabu za jioni kwa watu wazima. Naupita.

Mwaka 2013 nikapata kazi kwenye kampuni ya kuandaa setilaiti, kampuni siitaji. Kwa mara ya kwanza nikaingia chumba safi. Hewa inachujwa usiku na mchana na vumbi linahesabiwa kwa punje. Unavaa ovaroli jeupe, kofia ya kufunika kichwa na shingo, barakoa, glavu zimebandikwa utepe kwenye kifundo, na waya mkononi wa kupeleka umeme wa mwili ardhini, maana cheche usiyoihisi wewe inaweza kuua kifaa. Marashi hakuna. Wanja hakuna, poda hakuna. Udi hakuna! Mwambie mwanamke wa pwani asifukize udi uone. Nguo zangu zote zilinukia. Siku ya kwanza msimamizi alinirudisha mlangoni nikabadilishe. Nikakihamishia chetezo kibarazani, mume wangu akalalamika kwamba nyumba inanuka kama hospitali.

Chini ya ile kofia nilivaa mtandio wangu, nimeubana kwa pini tano. Bila pini unateleza machoni ukiinama, na kazi ile ni ya kuinama. Kabla ya kuingia unajaza fomu ya vitu ulivyo navyo mwilini. Fomu iliuliza pete, saa, hereni, miwani, kalamu. Haikuuliza pini za mtandio; aliyeiandika hakuwahi kumfikiria mtu kama mimi. Mimi nami sikusema. Nilikuwa mgeni, sikutaka kuwa mwanamke wa Kiafrika anayeanza kazi kwa kuuliza habari za kilemba chake. Hilo ni kosa langu na sitalipaka rangi.

Jioni moja nimemaliza zamu, niko chumba cha kuvulia, nachomoa pini nazichomeka kwenye mkono wa blauzi kama ninavyofanya siku zote. Moja, mbili, tatu, nne. Nikapapasa kichwa. Nikahesabu tena. Nne. Pini ya kununua dazani kwa pesa ya karanga. Na nyuma ya ukuta kuna setilaiti imefunguliwa tumbo, na mimi nilikuwa nimeingiza kichwa mle ndani saa tatu nzima.

Nilikaa kwenye benchi dakika sita. Najua ni sita kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Hakuna aliyejua kwamba pini zilikuwa tano ila mimi na Mungu. Ningeweza kwenda nyumbani kupika. Huko juu hakuna uzito. Kipini kinaelea, kinagusa nyaya mbili, chombo cha watu kinakufa na tume inakaa mwaka mzima bila kujua kwa nini. Au hakigusi kitu. Pengine hakikuwa hata mle ndani. Kila hoja uliyonayo kichwani sasa hivi niliipitia katika zile dakika sita, na nyingine zilikuwa nzuri.

Nikaenda nikasema.

Kazi ilisimama kwa muda wa saa 11. Zamu mbili zilitafuta kwa tochi, kwa vioo vya mpini mrefu, kwa kamera nyembamba kama waya. Wateja waliamshwa usiku. Mimi nilikalishwa kwenye chumba cha mikutano, hakuna aliyeniletea hata maji. Alfajiri mkaguzi mmoja mzee akauchukua mtandio wangu, uliokuwa umewekwa kwenye mfuko wa plastiki kama ushahidi wa mauaji, akapitisha kidole gumba kwenye upindo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikamchoma. Ilikuwa imezama kwenye upindo muda wote.

Kuanzia siku ile jina langu likawa Pini. Pini kaingia. Mwulizeni Pini. Waliozaliwa na Kiingereza chao walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu ungefanyaje? Kwenye tathmini ya mwaka msimamizi akaandika kwamba nahitaji kuongeza umakini. Wale waliotafuta walipewa cheti cha pongezi. Mimi niliyesema nikapewa sentensi hiyo. Huyo bwana nimeshamsamehe. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, na alikuwa amevaa shati la samawati lenye doa la kahawa mfukoni.

Kofia nilijishonea nyumbani kwa cherehani, kitambaa cha kuruhusiwa, bila pini hata moja. Na ile fomu leo ina mstari wa sita: pini za nguo na za kichwa. Mstari huo niliuandika mimi.

Wahenga walishasema mficha uchi hazai, lakini kwenye kazi yetu anayeficha anaweza kuzaa vizuri tu, tena mapacha. Mwaka 2019 nafasi ya mhandisi mkuu ilifunguka. Nilikuwa na sifa zote. Akapewa mwenzangu mmoja ambaye kila mtu wa zamu ya usiku alijua tabia yake: hatua zimefanywa asubuhi na wengine, yeye anasaini jioni zote kwa mkupuo, hajaona hata moja. Sitasema zaidi. Akaondoka, akapewa mwingine. Mkinitumia zile picha za maua zenye "subira huvuta heri" nazifuta. Subira haikunivutia kitu. Nilikuwa na madaftari 31. Mwaka 2023 ulizuka ubishi juu ya vali iliyokuwa inavuja kidogo sana, kila mtu anasema ndiyo mara ya kwanza, na mimi nikafungua daftari la 2016, ukurasa una doa la chai, vali ya aina ile ile, uvujaji ule ule, tulifanya hivi na hivi. Chumba kikanyamaza. Mwaka uliofuata nikaitwa kwa cheo. Kwa hiyo, andika. Najua nimeshasema.

Ushauri wa pili: usisaini usichokiona kwa macho yako. Hapa nawahubiria, nivumilieni. Tarehe 6 Septemba 2003 huko California setilaiti ya hali ya hewa, NOAA N-Prime, ilikuwa inalazwa kutoka wima kwenye kigari cha kugeuzia. Ikateleza, ikaanguka sakafuni. Bolti 24 za kuishika hazikuwepo. Wenzao wa kazi nyingine walizitoa, hawakuandika popote. Wale wa zamu ile wakasaini kwamba kigari kimehakikiwa, kwa kutegemea karatasi za nyuma, na hakuna aliyeinama kutazama matundu. Matundu 24 yapo wazi mbele ya watu wazima wenye shahada! Matengenezo yalikuja kukadiriwa dola milioni 135, na ilirushwa Februari 2009. Mafundi wapya wote wanaoletwa kwangu nawasomea kisa hicho siku ya kwanza, kabla hawajaonyeshwa choo kiko wapi.

Na kuna sahihi ya kutotia. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, mhandisi Allan McDonald wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za shatoli Challenger alikataa kusaini kwamba wako tayari, kwa sababu ya baridi na ile mipira ya kuziba maungio. Alisaini mkubwa wake. Sekunde 73 baada ya kuruka, Challenger ikasambaratika. McDonald aliposema ukweli mbele ya tume ya ajali hiyo, alishushwa cheo, mpaka Bunge la Marekani lilipoingilia. Baadaye akapewa kusimamia usanifu mpya wa maungio yale yale. Vijana mnapenda sehemu ya mwisho ya hadithi hiyo. Mimi nataka muifikirie ya katikati, ile miezi ambayo mtu ana haki na hana cheo, na watoto wanataka karo.

Ningeweza kuwaeleza habari za kujaza mafuta, ila nitawaambia jambo moja tu. Haidrazini, ndiyo mafuta yenyewe, ina harufu ya amonia iliyochanganyika na samaki, na ukifikia kuinusa, kiwango kimeshapita kinachoruhusiwa. Ndiyo sababu mafundi wanavaa lile suti zito lenye hewa yake ndani, na saa nzima mle ni kama kukaa ndani ya chungu cha pilau. Mimi nimekulia Ngomeni, samaki ni harufu ya nyumbani. Florida nimejifunza kuikimbia. Na tishio jingine halina harufu kabisa: tarehe 19 Machi 1981, wakati Columbia inaandaliwa kwa safari yake ya kwanza, mafundi waliingia sehemu ya nyuma iliyojaa naitrojeni, wakidhani ni salama. Wawili walifariki, mmoja siku hiyo hiyo. Hawakuwa wanaanga. Walikuwa watu wa ardhini kama sisi.

Kwa hiyo mkiniandikia kwamba mnataka "kufikia nyota", nawaambieni, huku tunafanya kazi tukitazama sakafu. Kijana kamaliza kozi ya wiki sita mtandaoni ameshajiandika mhandisi wa anga kwenye wasifu wake. Mwanangu, umewahi kukaza bolti ukaulizwa miaka saba baadaye uliikaza kwa nguvu ngapi? Umewahi kuhesabu vitu usivyovipenda, usiku, mara ya tatu, mtu amekusimamia anatazama saa yake? Kila mtu anataka kupaa. Wa kuhesabu hatuwapati.

Nilitaka kuishia hapo, maana hapo natoka mzuri. Lakini mwezi uliopita limetokea jambo na nikiliacha nitakuwa nasaini nisichokiona.

Kila chombo kinavaa vitambaa vyekundu, vimefungwa kwenye vifuniko na vizuizi ambavyo lazima vitolewe kabla ya kuruka. Tunavihesabu vikiingia, tunavihesabu vikitoka. Vilikuwa 46. Tukapata 45. Nikasimamisha kazi. Meneja akanipigia mara nne, mara ya nne hakusalimu. Baada ya kutafuta kwa muda wa saa sita kitambaa kikapatikana kwenye droo: fundi wa zamu ya usiku alikitoa siku moja kabla, kwa halali kabisa, akasahau kuandika. Msichana mdogo, ana miezi mitano kazini. Alikuja mwenyewe chumba cha kuvulia, akaniambia ni yeye, mikono inamtetemeka, glavu bado hajazivua.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkalisha kwenye benchi nikamweleza habari za pini. Nilimkaripia mbele ya watu saba. Nilimwambia anahitaji kuongeza umakini. Kwa maneno hayo hayo.

Siku ya pili nilimtafuta nikamwomba radhi, akasema hakuna neno, mama. Naijua hiyo "hakuna neno", nimeisema mwenyewe kwa miaka. Nimeliandika kwenye daftari la 39, tarehe na saa, na shati nililovaa.

Mume wangu amerudi, kapata changu watatu na anajisifu, kwa hiyo namalizia. Binti wa Tanga, nimeusoma ujumbe wako mara nne. Umeandika kwamba umeambatisha wasifu wako na matokeo ya mwaka wa pili. Hakuna kiambatisho. Nimetazama kila mahali. Tuma tena.